Gesti ya familia Lushoto na sindano za kufumia pembeni: mwongozo kamili hatua kwa hatua

Watu wengi wanaodhani gesti ni biashara ya vitanda hawajawahi kukaa mapokezi usiku. Kazi ya gesti ni kungoja. Unangoja mgeni aliyesema anafika saa kumi na mbili na basi lake bado liko Mombo chini ya mlima, unangoja maji yapande kwenye tenki, unangoja shuka zikauke na ukungu umekaa kwenye kamba toka asubuhi, unangoja yule bwana wa chumba namba tatu arudi ufunge geti. Ndo maana kufuma kunaendana na hii kazi kuliko biashara nyingine yoyote ya pembeni, huwezi kufuga kuku mia tano na huku unangoja mgeni, lakini sindano mbili na uzi unaziweka chini sekunde moja mgeni akigonga, na ukirudi unaendelea ulipoachia.

Naandika kwa ajili ya familia yenye nyumba yake, vyumba vinne mpaka sita vya kukodisha, na wenyewe mnaishi hapohapo. Mifano yangu ni ya Lushoto, mita kama 1,400 juu ya bahari, baridi ya Juni na Julai unaijua. Ukiwa Njombe au Mbeya mengi yatakufaa hivihivi, ukiwa Tanga mjini ruka habari za baridi.

Hatua ya 1: Amua unampokea nani

Usinunue hata godoro kabla hujajibu hili. Lushoto wageni ni wa aina nyingi na hawataki kitu kimoja. Kuna wazungu na vijana wa Dar wanaokuja kutembea msitu wa Magamba na kupiga picha Irente, kuna watumishi wa semina, kuna wazazi wanaokuja mahafali ya Chuo cha Mahakama (wakati huo mji wote unajaa, hata chumba kibovu kinapata mtu), kuna wafanyabiashara wa mboga na matunda, na kuna watu wa harusi na misiba wanaokuja kumi na tano kwa pamoja wanataka vyumba vitatu.

Halafu kuna wa shoti taimu. Tuseme tu ukweli, gesti nyingi nchi hii zinaishi kwa hao, chumba kimoja kinalipiwa mara tatu kwa siku. Kama watoto wako wanakua kwenye hiyo nyumba mi nakushauri ukatae toka siku ya kwanza na uandike ukutani kabisa kwamba chumba ni cha kulala usiku mzima. Utapoteza hela, ndiyo. Ila huwezi kuwa na familia ya Mjerumani inakunywa chai uani na shoti taimu inatoka mlango wa pili, mmoja wao atakukimbia na utabaki na yule usiyemtaka.

Hatua ya 2: Makaratasi

Hapa sikai sana. TIN ya TRA, leseni ya biashara kutoka halmashauri, afisa afya aje akague vyoo na jiko, zimamoto waje waone mitungi ya kuzimia moto na njia ya kutokea, na wote wanaoshika chakula wapimwe afya. Uliza pia halmashauri habari ya ushuru wa nyumba za kulala wageni, maana huo unatoka kwenye bei ya chumba na ukiusahau wakati wa kupanga bei utaulipa mfukoni. TRA wakikuweka kwenye kundi la mashine ya EFD basi kila mgeni apate risiti yake, watu wa semina bila risiti hawarudi maana hawarudishiwi hela kazini kwao. Bila hayo wewe ni gesti bubu na siku ya msako utalala macho.

Kitabu cha wageni kiheshimu. Jina, kitambulisho au pasipoti, ametoka wapi, anaenda wapi, simu, tarehe. Polisi wanakuja kukiangalia, na ukikuta mtu anakwambia "we andika tu jina lolote" huyo usimpe chumba. Mtu mzima akija na mtoto ambaye haieleweki ni nani yake, uliza, usione aibu, na jibu likikutia wasiwasi piga simu polisi.

Hatua ya 3: Gawa nyumba kabla hamjagombana

Hii ndo inayovunja gesti nyingi za familia, kuliko hata madeni. Watu wanaanza kwa kusema tutaangalia mbele ya safari, mgeni wa tano anafika, baba anasema watoto wahamie sebuleni kwa usiku mmoja, usiku mmoja unakuwa mwezi, na mwisho familia ndo imekuwa wageni kwenye nyumba yao.

Chora mstari. Vyumba vya familia havikodishwi hata mahafali yakija. Familia iwe na choo chake na mlango wake kama inawezekana. Jiko linaweza kuwa moja ila vyombo vya wageni viwe kabati lake, maana vikombe vya seti vikishaingia kwa watoto baada ya miezi mitatu unabaki na visahani vitupu.

Watoto wawekewe sheria ambazo hazina mjadala: hawaingii chumba cha mgeni hata mgeni akiita, hawatumwi na mgeni dukani bila mama kujua, hawapokei hela ya chumba. Mtoto mkubwa anaweza kusaidia kubeba mzigo mpaka mlangoni, anaishia hapo. Wageni wengi ni watu wema kabisa lakini sheria haiwekwi kwa ajili ya wema.

Na ndugu. Jamani ndugu. Shemeji akija na watoto wanne wakati wa likizo anaona vyumba viwili vitupu, kwa nini asilale? Huwezi kumtoza shemeji, na huwezi kumlaza bure Desemba yote chumba cha kuuza. Tulichokubaliana kwetu ni kwamba ndugu wanalala upande wa familia hata kama ni magodoro chini, wanakula vizuri, na vyumba vya gesti vinahesabika kama duka, hakuna anayeingia dukani kuchukua mchele kwa sababu ni wa ukoo. Mwanzo watanuna. Afadhali wazee wa familia ndo waliseme hilo, likitoka kwa mke wa nyumbani linageuka kuwa kesi.

Hatua ya 4: Pambana na baridi, hapa ndo pana hela

Mgeni wa Dar anafika Lushoto na shati la mikono mifupi. Anasahau kitanda, anasahau rangi ya ukuta, ila hasahau kama alioga maji ya baridi na kama alitetemeka usiku.

*Maji ya moto.* Hita ya shawa inayopasha papo kwa papo inakula umeme mwingi kwa muda mfupi, ya kilowati 5 ikiwaka dakika 6 inatumia nusu yuniti. Yuniti ya matumizi ya kawaida ni shilingi 350 na kitu, kwa hiyo mgeni wa dakika sita amekula chini ya mia mbili, na yule anayekaa robo saa anaimba amekula zaidi ya mia nne. Weka hiyo kwenye bei ya chumba, usiende kugonga mlango wa bafu. Kitu cha kutofanyia ubahili ni waya: hita iwe na laini yake toka kwenye boksi, breka yake peke yake, waya mnene (milimita 4 au 6 kutegemea umbali) na ethi ya kweli (waya wa kuingia ardhini) iliyochimbiwa, fundi awe na leseni. Umeme na maji kwenye bafu la mgeni si pa kumpa kijana wa mtaani afanye kwa elfu ishirini. Luku isiishie usiku, na kumbuka kodi ya majengo inakatwa humohumo, mwanzo wa mwezi usishangae umepata yuniti pungufu. Umeme ukikatika uwe na sufuria kubwa na ndoo safi zenye mfuniko, mgeni akiletewa ndoo ya moto mlangoni na ukamwambia pole anaelewa.

*Jiko la mkaa chumbani: hapana.* Kuna wageni wataomba, hasa wenye watoto wadogo, na kuna wenye gesti wanaokubali. Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala moshi, mtu anasinzia na haamki. Usiamini habari ya "tutaacha dirisha wazi kidogo", saa saba usiku baridi ikizidi watalifunga. Kataa kwa upole na umpe kitu kingine mkononi hapohapo.

Hicho kitu kingine ni blanketi la pili na mpira wa maji ya moto, ile chupa ya mpira ya lita mbili inayouzwa maduka ya dawa. Chemsha maji, yaache dakika chache yasiwe yanatokota, jaza theluthi mbili tu, bonyeza hewa itoke, funga, ugeuze kichwa chini uone kama inavuja. Iingize chini ya blanketi nusu saa kabla mgeni hajalala. Na isiende kavu, iwe na koti lake la kufuma, maana mpira mtupu unaunguza ngozi ya mtoto na ya mzee.

*Koti la chupa, kazi nzuri ya kuanzia.* Chukua uzi wa sweta wa unene wa kati na sindano za milimita 4. Kwanza fuma kipande cha kujaribia, vitanzi 30, kisha weka rula uhesabu vimeingia vingapi kwenye sentimita 10. Hesabu zangu zote hapa ni za vitanzi 20. Ukipata 22 mkono wako unabana, panda sindano namba moja juu, ukipata 18 shuka.

Anzisha vitanzi 42. Fuma kawaida kila mstari, mbele na nyuma vilevile, mpaka kipande kifike sentimita 25. Hapo badilisha uwe mfumo wa kuvutika, viwili vya kawaida viwili vya kinyume, mstari wa upande wa mbele unaanza na viwili vya kawaida na kumalizika na viwili vya kawaida (42 inakubali vizuri), endelea sentimita 12, funga vitanzi bila kubana. Tengeneza kipande cha pili hivyohivyo. Shona pembeni na chini, acha juu wazi. Chupa unaiviringisha ikiwa tupu unaiingiza kwa juu, ile sehemu ya kuvutika inakaa shingoni. Inakula gramu 100 na ushee, na mabaki ya rangi yoyote yanafaa, ya mistari ndo wageni wanayapiga picha. Tengeneza mawili kwa kila kitanda, moja likifuliwa jingine liwepo.

Hatua ya 5: Shuka, ukungu na wale wadudu

Kila kitanda seti tatu za shuka: iliyotandikwa, iliyoko kwenye maji, iliyoko kabatini. Kwa Lushoto ongeza ya nne maana Juni shuka inaweza kukaa kwenye kamba siku mbili na bado ina ubaridi ukiishika. Jenga kibanda cha kuanikia chenye bati la kupitisha mwanga na pande zilizo wazi, ni hela ndogo na kitakuokoa masika yote. Kila mgeni akitoka fungua dirisha la chumba saa nzima na inua godoro likae wima, vinginevyo ukungu unaota nyuma ya kitanda na hiyo harufu haitoki kwa marashi.

Kunguni hawaji kwa uchafu, wanakuja kwenye begi la mgeni msafi kabisa. Kila unapobadilisha shuka pitisha kidole na tochi kwenye mishono ya godoro, kona za kitanda na nyuma ya ubao wa kichwani, tafuta vidoa vyeusi vidogovidogo. Ukiona, funga hicho chumba, usihamishe kitu kwenda chumba kingine, chemsha kila kinachochemka, muite mtu wa dawa anayejua kazi yake na arudie baada ya wiki mbili hivi kwa sababu mayai yanabaki. Na kikapu chako cha nyuzi kisikae chumba cha mgeni, hata kama kuna kiti kizuri dirishani.

Vitu vya kufuma vya uzi wa dukani (mwingi ni akriliki) fua kwa maji ya uvuguvugu, kamua kwa kubonyeza ndani ya taulo, anika vimelala. Pasi usiguse, ukipiga pasi ya moto akriliki inalegea moja kwa moja na hairudi.

Hatua ya 6: Alfajiri

Mabasi ya Dar yanaondoka mapema kwa hiyo kila siku kuna mtu wa kuamshwa saa kumi. Pangeni zamu kwa majina na iandikwe ukutani, la sivyo ni mama kila siku. Mgeni wa alfajiri usimkaangie, chupa ya chai ya tangawizi, mayai ya kuchemsha na maandazi ya jana usiku kwenye mfuko anafurahi kuliko chai ya kukaa mezani ambayo hana muda nayo.

Kwa wanaobaki, pika vya hapa. Viazi, mayai, chapati, parachichi, mapeasi na plamsi zikiwa msimu wake, kwa wazungu ongeza jibini na jemu ya Irente Farm. Soseji za friji hamna aliyepanda mlima kuja kuzila. Uliza jana yake watakula saa ngapi, hilo swali moja linaokoa mkaa mwingi.

Hatua ya 7: Hela

Hela za wageni ziingie Lipa Namba ya biashara, siyo simu ya baba. Daftari moja la gesti, daftari jingine la uzi. Kila anayefanya kazi analipwa, hata binti yako wa chuo aliyerudi likizo, hata kama ni kidogo, kwa sababu asipolipwa atajilipa. Wazazi nanyi jiwekeeni kiasi cha mwezi, na ya nyumbani inatoka kwenye hicho kiasi, siyo kwenye droo ya mapokezi kila mtu akitaka nyanya.

Ukiwa kwenye Booking.com komisheni kawaida ni kama asilimia 15, iweke kwenye bei mapema. Jiweke kwenye ramani ya Google bure, picha za mchana dirisha likiwa wazi, picha ya bafu lazima. Na mgeni akitaka kwenda msituni mpe mwongoza watalii mwenye kitambulisho kutoka vikundi vya mjini, siyo mpwa wako aliyekaa bure, akipotea na mgeni msituni jina linaloharibika ni la gesti.

Hatua ya 8: Kufuma kuwe biashara kweli, ila ndogo

Kwanza nunua uzi wa loti moja, yaani uliotiwa rangi pamoja. Kwenye karatasi ya bunda kuna namba ya rangi na namba ya loti, nyekundu mbili za loti tofauti dukani zinaonekana sawa, kwenye sweta juani unaona mstari. Sweta la mtu mzima linataka gramu 500 mpaka 600, nunua yote siku moja.

Masweta ya shule waachie wenye mashine. Wao wanatoa mengi kwa siku, wewe wa mkono utafuma wiki mbili na mzazi atakwambia sokoni ni nusu bei, na yuko sahihi. Vinavyotoka kwenye gesti ni vidogo na vya kuvaliwa usiku uleule: kofia, soksi nene, skafu, koti la chupa (ndiyo, wanaomba kulinunua).

Kofia ya mtu mzima: kichwa cha sentimita 56, toa 6 ili ibane, inabaki 50, mara vitanzi 2 kwa sentimita ni vitanzi 100. Fuma kwenye sindano ya mzunguko, sentimita 5 za mwanzo mfumo wa kuvutika, kisha kawaida mpaka jumla 20. Halafu punguza: fuma 8, unganisha viwili kuwa kimoja, rudia mzunguko mzima, mzunguko unaofuata usipunguze, kisha fuma 7 unganisha viwili, na kuendelea hivyo mpaka vibaki 10, kata uzi, upitishe kwenye vyote, vuta, funga kwa ndani. Gramu 80 hivi.

Bei yake sasa. Tuseme bunda la gramu 100 umenunua 4,000, uzi uliotumika ni 3,200. Saa zako tano, tuseme kila saa 1,500, ni 7,500. Jumla 10,700, kwa hiyo 15,000 siyo wizi, na anayesema utamuuzia 5,000 anakuomba umlipe kwa kuvaa kofia yako. Andika bei kwenye kikaratasi, bei moja kwa mzungu na kwa Mswahili, kutaja bei kwa kuangalia sura kunajulikana haraka mji mdogo kama huu.

Ziweke kikapuni hapo mapokezi, wewe unafuma pembeni. Usimshawishi mgeni, ataona mwenyewe mikono inavyokwenda na atauliza. Ila kuna mpaka: simu ikiita, mgeni akisimama, sindano chini, hata kama uko katikati ya mstari. Vazi la kuhesabu sana, lile la maua na kamba za kusokota, fuma mchana vyumba vikiwa tupu, mapokezi kaa na kazi rahisi ambayo huhitaji kuhesabu. Na usipokee oda ya tarehe maalumu wiki ya mahafali.

Hatua ya 9: Masika

Machi mpaka Mei wageni wanapungua, njia za milimani zinateleza. Usishushe bei mpaka chini ya gharama ya umeme na chai, afadhali chumba kilale kitupu. Paka rangi, badilisha mabomba, safisha tenki, puliza dawa, na fuma akiba ya Juni: kwa gesti ya vyumba vitano kofia ishirini na soksi jozi kumi na tano zinatosha kuanzia, saizi kubwa ziwe nyingi maana wapanda milima wana miguu mikubwa. Uzi wake ununue Februari, barabara ya Mombo bado kavu.